Ubao wa Mwalimu Zuwena

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Leo tunamkumbuka Bi Zuwena Majaliwa, mwalimu wa chekechea pale Tinde. Alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Wengi wenu mlimwita Mama Tabu. Nitasema mema yake, na nitasema lile moja ambalo Tinde hawakulisahau. Mwanawe Tabu ameniruhusu.

Mwalimu Zuwena alianzisha kituo mwaka 1972, kwenye ghala kuukuu la pamba. Watoto thelathini na wawili, mikeka tisa. Mzee Kanji mwenye duka alimpa mbao za sanduku la chai, naye akazipaka masizi zikawa ubao. Ubao huo hakuuweka ndani. Aliutundika nje, ukitazama barabara, akaandika malengo ya mwaka. Kila mtoto apate uji. Kila mtoto awe na mkeka wake. Maji ya kunywa yachemshwe. Mbele ya kila lengo aliandika neno moja kwa chaki: tayari, au bado.

Watu walimcheka. Nani anaanika upungufu wake barabarani kama nguo? Yeye akajibu kwamba mzazi ana haki ya kujua mwanawe anakunywa nini.

Na wazazi walijua. Miaka ile ilikuwa ya kisomo cha watu wazima, na kina mama waliotoka darasani jioni walipita hapo kujipima. Mmoja wao ni Bernadina, mkulima wa pamba. Neno la kwanza aliloweza kulisoma peke yake maishani lilikuwa kwenye ubao ule. Alisoma kwamba maji bado hayachemshwi; kituo hakikuwa na sufuria kubwa wala kuni. Basi kila asubuhi alimfungia mwanawe Maige chupa ya maji aliyoyachemsha nyumbani. Kina mama wengi walifanya hivyo.

Mwaka 1978 ikaja habari ya wageni kutoka mjini, wakaguzi wa vituo. Mwenyekiti wa kamati ya kituo, Bwana Thobias, alifika siku moja kabla. Tabu alikuwepo, anafagia. Anasema mwenyekiti aliutazama ubao, kisha akasema, "Mwalimu, mgeni haonyeshwi neno bado. Futa. Ukikataa, wapo wenye kuitaka kazi hii."

Mwalimu Zuwena alikuwa mjane mwenye watoto watano. Alifuta. Akaandika tayari, mara tatu.

Wageni walikuja na gari. Ndani ya gari mlikuwa na sufuria moja la debe nne, la kuchemshia maji, la kupewa kituo chenye shida kuliko vyote. Walisoma ubao, wakapiga makofi, wakampa mkono mwalimu. Sufuria likaenda kituo cha Kishapu.

Mngedhani kesho yake angerudisha lile neno. Alitaka. Mwenyekiti akamwambia asubiri mpaka ripoti itoke, wiki tatu tu. Akasubiri. Hapo ndipo ninapomkasirikia, wasikilizaji wapendwa, na nilimpenda. Maana kina mama walipita, wakasoma, wakafurahi. Chupa zikabaki nyumbani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii haikufika hata wiki tatu. Kuhara kuliingia kituoni siku ya kumi na mbili. Walikufa watoto wanne. Wanne. Maige alikuwa wa tatu, ana miaka minne.

Mwalimu alikwenda msibani. Bernadina hakumtukana. Alimwambia mbele ya watu, "Mwalimu, nilipokuwa sijui kusoma, mwanangu alikuwa hai."

Kamati ilimfukuza mwezi huohuo, kwa uzembe. Barua ya kumfukuza iliandikwa na Bwana Thobias. Kwa miaka tisa mwalimu aliuza maandazi. Kila Idi alipeleka sahani kwa Bernadina, na kila Idi sahani ilirudi ikiwa haijaguswa. Nilimuuliza Bernadina kama sasa amesamehe. Akasema ana kazi shambani.

Bwana Thobias yuko mjini, ana cheo. Ametuma salamu za rambirambi, akaomba nizisome hewani. Nasoma sentensi moja: "Chini ya uongozi wangu, kituo cha marehemu kilitimiza malengo yote." Zilizobaki sisomi.

Pole Tabu na ndugu zako. Pole Bernadina, na wazazi wa wale watatu wengine. Mwenyezi Mungu ampokee mwalimu wetu, na amhukumu Yeye, maana sisi hatuwezi.

Nanyi mnaosikiliza, mkipita leo mahali mnapomwacha mtoto, msisome kilichoandikwa ukutani. Ingieni, mfunue mtungi.