Mzee Rimberia na Koki Nambari Nane

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi saba kazini, Mzee Luke Rimberia, mfungua maji wetu, anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025. Ameomba hotuba za siku hiyo ziwe fupi. Hakusema kama yake imo.

Aliajiriwa na Mradi wa Maji wa Nyota Kaskazini mwezi Machi 1991, akapelekwa Kipsing kulinda kisima cha pampu. Huko alijifunza kufunga injini kwa kamba ya ngozi, na pia kwamba ngamia hapangi foleni. Alipoletwa mjini akakabidhiwa shimo lenye koki mbili kubwa: nambari tatu ya Chechelesi na nambari nane ya Kiwanjani. Maji yetu hayatoshi mitaa yote kwa siku moja, kwa hivyo Mzee ndiye aliyejua nani ataoga lini. Mwingine angevimba kichwa.

Yeye hakuvimba. Kila Jumatatu, kwenye maombi ya ofisi, alifungua Biblia akasoma ile zaburi ya mchungaji bila kukwama hata mahali pamoja. Halafu akaungama udhaifu wake mbele yetu sote, Wakristo kwa Waislamu: kwamba alisinzia ibadani, na yeye ni mzee wa kanisa, kwamba alimtukana punda wa wenyewe, kwamba pilau ya Idd kwa jirani zake kina Samatar aliipakua mara tatu. Falis, karani wetu, alizoea kusema, “Huyu Mzee ako na dhambi kama njugu, ndogo ndogo na tamu.” Tulimwita mnyenyekevu mpaka wageni wakadhani ndilo jina la babake.

Ikaja Alhamisi moja ya mwaka 2022. Ilikuwa zamu ya Kiwanjani, na Mama Hoda wa mtaa huo alikuwa akimwoza binti yake kesho yake. Maji hayakufika. Chechelesi, waliopata yao Jumatano, wakapata tena, wakaosha hadi mbuzi.

Lawama zilimwendea Abdinajib, dereva wa lori letu la maji. Mji huu una imani moja: mtaa ukikauka, mwenye lori ndiye ameukausha ili auze. Meneja wetu, Madam Gacheri, alikuwa ameshapiga chapa barua ya kumfuta kazi. Jumatatu, kabla haijatiwa kwenye bahasha, Mzee alisimama akasema aliyefungua koki isiyofaa ni yeye.

Hakuna aliyemwamini. “Mzee, wacha kubebea watu,” akasema Madam. Hata Abdinajib, aliyejua vizuri kuliko wote kwamba hana hatia, akamnong'oneza, “Asante mzee wangu, lakini usiharibu jina lako juu yangu.” Mzee alikuwa ameungama mengi mno hata kosa la kweli lilipofika, halikupata pa kukaa.

Ndipo akasema macho yake yamekwisha. Tatu na nane zilikuwa zimegeuka mapacha. Kwa miaka alikuwa akipapasa kibati cha nambari kwa kidole, ila Alhamisi hiyo alikuwa na haraka, akayaamini macho. Bado tukabisha. Falis akampa karatasi: “Basi tusomee ratiba ya maji.” Mzee akaishika mbali kidogo na pua, akaisoma yote, mtaa kwa mtaa, siku kwa siku, bila kosa. Tukapiga makofi. Falis akaichukua akatugeuzia.

Ilikuwa orodha ya zamu za kupika chai.

Pole pole tukaelewa kwa nini kwa miaka kumi na mmoja hatukuwahi kutoka kwa ile zaburi ya mchungaji. Tulicheka, yeye akiwa wa kwanza, kisha akaacha. “Hizo zingine nilikuwa nawaambia kwa sababu zinapendeza,” akasema. “Hii ndio nilificha. Niliogopa mtanitoa kwa koki.”

Barua ya Abdinajib ikachanwa. Mzee akaandikiwa ya onyo, akampelekea Falis amsomee. Jioni hiyo alibeba mitungi miwili ya maji hadi kwa Mama Hoda kuomba msamaha. Akaambiwa mchele wa arusi ulioshwa kwa maji ya chupa, na mpaka leo wakwe wanaamini hiyo familia ni ya matajiri. “Keti ule kwanza, baba,” akasema Mama Hoda, “utatubu ukishiba.” Mzee alituungamia Jumatatu iliyofuata: alipakua mara mbili tu.

Akanunua miwani. Tangu hapo Jumatatu zetu zimepita kwenye sura ambazo hatukujua zimo. Anasoma kwa kukwama, kidole kikifuata mstari, na akipotea Falis humrudisha, japo ni Mwislamu na kitabu si chake. Hakuna koki iliyokosewa tena, na funguo za shimo sasa anamwachia Abdinajib.

Rasimu ya wasifu huu tulimpelekea Jumanne. Tulikuwa tumeandika “mnyenyekevu” mara nne. Akavaa miwani, akalikata neno mara tatu, akaacha lile la wageni kwa kuwa, alisema, hilo ni kosa lao. Pembeni akaandika: “Anajaribu.”

Tumeuchapa alivyotaka. Asante, Mzee Rimberia, na Mungu akupe siku njema na macho ya kuziona. Chechelesi na Kiwanjani wanakushukuru, kila mtaa kwa zamu yake.