Marahaba Iliyobaki Mchezoni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Emiliana Chilongani anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kurekodi sauti kwenye studio yetu ya Kizota. Naiita yetu kwa sababu na mimi nimo, mtaona. Wenzake wameniomba mimi, mama yake mzazi, niandike. Nimeishia la saba, lakini nani anamjua zaidi yangu?

Nyie mnaocheza michezo ya simu na kompyuta, ng'ombe wakinywa maji, radi ikipiga, hatua za mwindaji porini, mnadhani mashine inatunga yenyewe? Ni mwanangu huyo! Alikesha zizini Mlali na maikrofoni yake iliyovikwa manyoya ya kukinga upepo, akarudi ananuka kuliko fahali. Radi aliifuata uwanjani, sisi tumejifunika vitenge, mimi nasali.

Siku moja alirekodi hatua kwenye mabua makavu ya mtama, nyuma ya nyumba. Akatukataza hata kukohoa. Mara akapita jirani yetu Ruthu na ndoo kichwani: "Shikamoo, bibi." Nilibana midomo, ikashindikana.

"Marahaba!"

"Mama, umeniharibia!"

"Kwa hiyo mtoto wa watu aniamkie, nimkaushie? Ndivyo nilivyokulea?"

Parvez, anayesafisha sauti studio, aliifuta shikamoo, marahaba ikamponyoka. Mchezo ukatoka hivyohivyo: mwindaji ananyemelea swala, bibi anaitikia vichakani. Studio ilipotaka kuiondoa, wachezaji wakagoma. Sauti yangu imefika nchi ambazo hata kuzitamka siwezi.

Sasa niseme linaloninyima raha. Tangu Machi nikimwita kutoka jikoni hageuki. Daktari anasema sikio la kushoto limekwisha, na la kulia litafuata asipoziacha kelele. Ndiyo maana anastaafu mapema, ana hamsini na tano tu. Yeye anacheka, anasema anakwenda kupumzika. Lakini namwona anavyotazama midomo yetu tukiongea. Masikio yaliyomnasa mchwa akitafuna boriti! Naogopa, jamani.

Asanteni wote mliofanya naye kazi, na wewe Parvez kwa kosa lako zuri. Emiliana, mwanangu, Mungu akutunzie hilo lililobaki. Ukifika nyumbani niamkie tangu mlangoni. Nitaitikia kwa nguvu mpaka Ruthu asikie kwake. Usiposikia, sogea karibu, mama. Nitaitikia tena.