Kumkaribisha Joachim Warnier, na Ombi la Kunyamaza Kesho

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Wazungumzaji wa Kiswahili wa Toronto, Dokta Elias. Mama Spéciose, uliyefika juzi kutoka Ubelgiji na tangu hapo hujaruhusiwa kulala. Mzee Nurudin, ambaye duka lako la Agincourt limetulisha pilau jioni hii. Dada Asumpta na ujumbe mzito wa Brampton. Viongozi wa dini mliofika kwa wakati, na viongozi wa serikali mlioleta salamu badala ya kuja. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na wewe, mgeni wetu rasmi, Ndugu Joachim Warnier, uliyekalishwa kwenye kiti cha bwana harusi kwa sababu ukumbi huu wa North York hauna kingine kinachokutosha:

Nawasalimu nyote.

Ratiba inasema nitazungumza juu ya "nafasi ya kijana wetu katika timu". Dokta Elias ameniambia nisizidishe dakika kumi na niwape watu moyo. Dakika kumi nitajitahidi. Moyo, hilo tutaona. Nimeandika habari za michezo zaidi ya miaka ishirini, kwanza Dar es Salaam na sasa hapa, na wahariri wangu wote, pamoja na kasoro zao nyingi, hawajawahi kunilipa kwa kuwapa watu moyo.

Tuanze na yale ambayo ni kweli. Joachim Warnier ni Mbelgiji. Baba yake ni wa mji mdogo karibu na Liège, mama yake ni huyu hapa, wa Bukavu. Ana urefu wa futi saba kasoro inchi moja. Amecheza Ubelgiji, kisha Hispania, na kiangazi hiki, mwaka huu wa 2012, klabu ya mpira wa kikapu ya mji wetu, ile ya NBA, ilimsaini baada ya mchezaji wake mmoja mrefu kuumia goti. Habari yenyewe magazetini ilikuwa mistari minne. Mimi niliandika miwili kati ya hiyo.

Kisha Dada Asumpta akaona mahojiano kwenye kompyuta ya kazini kwake, ambamo mtangazaji wa Kihispania anamuuliza Joachim nyumbani kwao wanaongea lugha gani, naye anajibu, "Na mama, Kiswahili." Basi. Kufikia Jumatano kijana huyu alikuwa na wajomba Brampton. Kufikia Ijumaa Wakenya walikuwa wamemtambua kwa sura. Jumapili, baada ya ibada, nilipewa picha za wasichana watatu nimfikishie. Hakuna aliyeniuliza anacheza vipi.

Ndugu zangu, jioni hii mmesikia Mheshimiwa Mwenyekiti akimtambulisha mgeni wetu kama "mfungaji hatari kutoka Ulaya". Kwa heshima zote kwa Mwenyekiti, ambaye ni daktari wa meno na katika meno hana mpinzani, naomba kurekebisha. Msimu uliopita kule Hispania, Joachim alifunga wastani wa pointi nne kwa mechi. Hatari ni hatari, sikatai, lakini kwa mbavu za watu.

Kwa hiyo nafasi yake ni ipi? Nafasi yake ni kusimama. Msicheke, nasema jambo la kitaalamu. Mwenzake mfupi mwenye mpira anakimbia, adui anamfuata mgongoni, na ghafla njiani anamkuta Joachim, ametulia kama mlango wa kioo ambao mtu hakuuona. Mfupi anapita, adui anabaki akihesabu meno, na ndiyo maana namshauri Dokta Elias aache kadi zake pale uwanjani. Mfupi anafunga, uwanja mzima unalitaja jina la mfupi. Joachim anarudi nyuma kulinda kikapu, anaudaka mpira uliokosa, anampa mwenzake, anasimama tena. Atafanya hivyo kwa dakika kumi, labda kumi na mbili. Atatoka na faulo nne na pointi mbili. Na siku hiyo, mabibi na mabwana, kocha atasema amecheza vizuri sana, na atakuwa anasema kweli.

Je, hiyo ni kazi ya aibu? Ni wangapi kati yetu katika mji huu wanaolipwa ili mtu mwingine apite?

Sasa nije kwenye jambo ambalo Mwenyekiti hakulitarajia. Mkataba wa Joachim hauna dhamana. Yaani klabu inaweza kumwacha kabla msimu haujaanza, bila deni na bila maelezo. Kesho Jumapili ni mechi ya mwisho ya kujipima nguvu. Keshokutwa orodha inakatwa, na kwa nafasi ya mrefu wa akiba wamebaki wawili: yeye, na kijana mmoja wa Ohio ambaye wazazi wake wako mbali na hawapendi kelele. Mmoja atapewa kabati lenye jina lake, mwingine tiketi ya ndege. Joachim aliacha mkataba mzuri kule Hispania ili aje hapa. Huko ligi imeshaanza, na aliyechukua namba yake anaendelea vizuri, asante. Akiachwa Jumatatu, hana pa kurudi mwaka huu.

Na wiki iliyopita, baada ya mechi mliyokwenda kumshangilia, alikaribia kuachwa. Kwa nini? Mwenyekiti alitoa sababu mbili kwenye barua pepe ya umoja: hali ya hewa na upendeleo. Mimi nilikuwa pale, kwenye meza ya waandishi, safu chache chini yenu. Sababu ilikuwa imekaa nyuma yangu, watu mia mbili, wana ngoma.

Nawakumbusha. Robo ya pili, Joachim akatokea pembeni, nje ya mstari wa pointi tatu, mpira mkononi, na hakuna mtu karibu naye. Alikuwa peke yake kwa sababu ambayo wapinzani waliijua na sisi hatukuijua. Kwa wiki mbili mazoezini nilikuwa nimemwona katika hali hiyohiyo, na kila mara alifanya alichoagizwa: alimtafuta mwenzake, akampa. Ndipo ikasikika sauti ya Dada Asumpta, ambayo hospitali anakofanya kazi wanaitumia badala ya kengele:

"Piga, mwanangu! Piga! Usimpe huyo, huyo mchoyo!"

Mzee Nurudin naye, ambaye daktari amemkataza kusimama ghafla, akasimama ghafla: "Piga bwana! Unangoja nini, mwaliko?"

Na nyuma yao jeshi zima: "Piga! Piga! Piga!"

Akapiga. Mpira haukugusa kikapu, haukugusa pete, haukugusa ubao. Ulimgusa mpiga picha mmoja, ambaye namfahamu, na ambaye ananituma niwaambie kwamba anaendelea vizuri. Kocha akamtoa Joachim. Dakika chache baadaye akamrudisha, pembeni palepale, na Mwenyekiti wetu, mtu msomi, akapaza sauti: "Usiogope! Rudia!" Akarudia. Kocha akamtoa, na safari hiyo hakumrudisha.

Baada ya mechi nilimkuta mgeni wetu kwenye korido, amekaa chini, barafu juu ya magoti yote mawili. Nikamuuliza kwa nini alipiga.

"Baliniambia," akasema, kwa Kiswahili cha Bukavu cha mama yake.

"Akina nani?"

"Bakubwa. Kule juu."

Ndugu wageni waalikwa, katika uwanja ule mlikuwa na watu wengi mno, na wachezaji wote wanapigiwa kelele kila siku, wanazisikia kama mvua juu ya bati. Ila huyu. Huyu amekulia katika mji ambao, kwenye kila ukumbi aliochezea tangu akiwa na miaka minane, Kiswahili kilikuwa sauti moja tu: ya mama yake. Aliniambia hivi, na nimemwomba ruhusa ya kuyasema: "Kiswahili kikitoka nyuma yangu, mwili unafanya kwanza. Akili inakuja nyuma." Mmeelewa? Mlimpa amri mia mbili kwa sauti ya mama yake. Na yeye, kwa bahati mbaya, ni mtoto mwenye adabu.

Kocha alimuuliza kilichompata. Akajibu kwamba alijiona ana nafasi. Hakuwataja. Lakini kocha si mjinga, akanifuata mimi, akaniuliza wale watu wenye ngoma walikuwa wanasema nini. Mimi ni mwandishi wa habari. Nimeulizwa swali, nikajibu. Kisha akasema, "Nina wasaidizi watano. Sikujua nina mia mbili."

Jioni hii, mkiwa mmebanana kwenye foleni ya pilau, nilikaa na Mama Spéciose nikamuuliza: Mama, wewe ulikuwa unamwambia nini miaka yote hiyo?

"Rudi nyuma," akasema. "Ni ile tu. Rudi nyuma, rudi nyuma."

"Hukumwambia apige hata siku moja?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kama ng'ombe wanapanda ngazi. "Joachim? Kupiga? Mutoto wangu hajuaka kupiga. Anajuaka kusimama."

Naona Mama anatikisa kichwa kukubali, na mgeni rasmi anacheka kuliko sisi sote. Wanaomjua wanamjua. Tatizo liko kwetu sisi tunaompenda.

Kesho mna viti mia mbili tena, vilevile, nyuma ya benchi letu. Ngoma nimeziona pale mlangoni. Nina ombi moja: msimwambie kitu. Si "piga", si "songa", si "mwanangu". Namsikia Dada Asumpta anauliza kama mnataka mkae kimya kama mko msibani. Dada, nimehudhuria misiba ya Brampton. Kama mtakaa kimya kiasi hicho tu, kijana amekwisha.

Nawajua, hamtaweza. Mkiona kijana wenu amesimama peke yake na mpira, midomo itafunguka yenyewe. Kwa hiyo nimekuja na suluhisho, na nimelijadili na Mzee Nurudin, ambaye ana wajukuu saba.

Kwa miaka mingi katika ukumbi huu tumelia juu ya watoto wetu. Tunawasemesha Kiswahili, wanatujibu Kiingereza. Tumefungua darasa la Jumamosi, tumeleta walimu, tumewanyima simu. Wanaelewa kila kitu na wanajibu Kiingereza. Basi kesho, kwa mara ya kwanza, tabia hiyo itatufaa. Watoto wote wakae safu za mbele. Wapewe ngoma. Wapewe filimbi ya Mwenyekiti. Wapige kelele zote wanazotaka, wamtukane mwamuzi kwa kiasi, wamwambie Joachim apige mara elfu moja, kwa Kiingereza. Hakitamwingia. Sisi wazazi tukae nyuma yao, tule karanga, na mwenye neno la Kiswahili alinong'one kwa mwenzake wa ndoa.

Ndugu Joachim, wewe ndiwe mtu pekee katika timu yako ambaye nimeweza kumsema vibaya kwa dakika kumi akaelewa kila neno. Huu ndio ukaribisho wetu, umeuona. Kesho lakini, kwa muda wa mechi, usiwe mtoto wetu. Kiswahili kikikupata mgongoni, hata kikiwa na sauti ya mama, jua ni mtu amekiuka azimio la mkutano, na Katibu wa umoja atashughulika naye. Usigeuke. Simama kocha alipokuonyesha, wagonge wanaostahili kugongwa, na mpira ukikufikia, mpe huyo mchoyo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mama, mgeni rasmi, ndugu wageni: kwa masikio mliyonipa leo nasema asanteni sana. Midomo yenu nitaishukuru kesho jioni, ikiwa imefungwa.