Aliyepitisha Mchanga Kabla ya Watu

Kijiko kinagonga kikombe cha bati. Kinagonga kidogo kidogo, maana watoto wamelala. Nje bado kiza, na mvua inapiga mabati tangu jana. Mwanamume amesimama jikoni na sare yake ya reli, anakoroga chai. Mke wake yuko kitandani, macho wazi, anasikiliza. Anamjua mumewe. Akikoroga polepole, kuna kinachomkera. Akikoroga haraka, ana furaha. Alfajiri ile alikoroga haraka.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni mimi bibi yenu, na kiti changu ni kile kile kinacholia nikijigeuza, mtanivumilia. Leo tunamkumbuka aliyekuwa akikoroga chai ile. Alikuwa dereva wa treni. Yeye ndiye aliyeendesha treni ya kwanza kupita kwenye ile reli inayotoka mjini, ikavuka bonde, ikafika kwenye vitongoji vya ng'ambo. Wengi wenu mnaipanda kila siku kwenda kazini, na habari zake hamjapata kuzisikia. Sababu ni moja. Treni yake ya kwanza haikubeba watu. Ilibeba mchanga. Nasema tena, asije mtu akaniuliza baadaye: haikubeba watu, ilibeba mchanga.

Alifariki mwezi uliopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Nilikwenda kumpa pole mjane wake. Kabla sijafungua mdomo aliniwekea mto mgongoni. Sikumwambia kama mgongo unaniuma, aliona mwenyewe nilivyokaa. Nikamuuliza, mwanangu, unataka niseme nini juu ya marehemu?

Akafikiri, kisha akaniambia, "Mama, usimpake mafuta. Sema alikuwa na wivu. Usiposema hivyo, waliomjua watadhani unamzungumzia mtu mwingine."

Basi nasema. Alikuwa na wivu. Mke wake akimsifia fundi viatu wa mtaani kwamba kashona vizuri, chakula cha jioni kililiwa kimya. Lakini asubuhi mama huyu aliamka akakuta viatu vyake vyote vimepigwa rangi, vimepangwa mlangoni, mpaka ndala zimeoshwa. Wivu wake ulikuwa wa namna hiyo. Uliumiza, na papo hapo ulifanya kazi.

Ila ulikuwepo wivu mmoja ambao haukupiga rangi viatu vya mtu. Huo ulikaa miaka zaidi ya ishirini. Alimwonea wivu shemeji yake, kaka mdogo wa mke wake, naye pia dereva wa treni. Na mke wake aliyekuwa katikati, mume huku na kaka huku, alikuwa na haja moja tu: siku moja, kabla mmoja wao hajaondoka duniani, awaone wamekaa chumba kimoja wanakunywa chai. Nilipomsikia akisema hivyo, niliona kuwa haja hiyo alikuwa ameizoea, kama mtu alivyozoea jino bovu.

Na hawakuanza hivyo, wasikilizaji wapendwa. Marehemu ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi ya reli. Ndiye aliyemfundisha. Walikula kwenye bakuli moja, na mmoja akichelewa mwenzake alimfunikia chake. Shemeji alikuwa kijana mtanashati, shati limenyooka hata baada ya zamu. Marehemu alikuwa mtu mnene kidogo, mkimya, suruali yake haikukaa safi hata dakika kumi. Wakataniana kama mashemeji wanavyotaniana.

Halafu zikaja mvua zile. Watu wazima mnazikumbuka. Mto ulipanda, daraja la barabara likaanguka, na watu wa ng'ambo wakabaki ng'ambo. Hospitali ilikuwa upande wa mjini. Maduka ya ng'ambo yakaishiwa unga, kisha yakaishiwa sabuni. Nilimwona kwa macho yangu mama mjamzito amebebwa juu ya mlango uliong'olewa, wanaume wanne wanambeba wakitafuta pa kuvukia, na mmoja wao anamfunika uso kwa kofia yake asinyeshewe.

Reli mpya ilikuwa ikijengwa, haijakwisha. Stesheni hazina paa, hazina viti, tiketi hazijachapishwa. Lakini reli ilikuwa imeshavuka bonde, juu ya tuta refu la udongo. Wakubwa wakaamua: tufungue hivyo hivyo. Shida ikawa tuta. Udongo ulikuwa mpya na umelowa. Hakuna aliyejua kama ungebeba treni iliyojaa watu.

Hapo ndipo mchanga ulipoingia. Vibarua walijaza viroba vya mchanga wakavipanga kwenye mabehewa, juu ya viti, uzito wa mtu kila mahali pa mtu. Kisha dereva mmoja aivushe ile treni polepole, na fundi wa reli atangulie kwa miguu akitazama kama tuta linatitia. Waliuliza nani ataendesha. Marehemu akasema, mimi. Alisema hivyo kwa kuwa alijua, na kila mtu kazini alijua, kwamba atakayevusha mchanga ndiye atakayevusha watu. Hakuna aliyemwahidi. Lakini nani angefikiri vinginevyo?

Alivusha mchanga majuma mawili. Anakwenda, anarudi. Jioni mke wake alimkung'uta mchanga kwenye nywele kama mtoto. Wenzake wakampa jina la Dereva wa Mchanga. Wakamtania, "Mchanga, abiria wako leo wamelalamika?" Naye akawajibu kwamba abiria wake ni watu wa adabu, hawatemi mate dirishani.

Sasa turudi alfajiri ile, kijiko kinapogonga kikombe. Ilikuwa siku ya ufunguzi. Kwa vile mvua ilinyesha usiku kucha, alitakiwa apitishe mchanga mara ya mwisho kabla ya watu. Akaenda. Akavuka, akarudi, tuta limekaa. Vibarua wakashusha viroba, wakafagia mabehewa. Kibarua mmoja alimwona ametota, akamtupia gunia kavu mabegani. Jina la kibarua huyo hakuna anayelijua. Mimi namwombea heri popote alipo.

Wageni wakaanza kufika na miavuli. Ndipo msimamizi alipomwita marehemu pembeni. Akamwambia, wewe uko kazini tangu alfajiri, kanuni inasema dereva apumzike kabla hajapakia watu. Shemeji yako ataendesha. Nenda nyumbani ukalale.

Kanuni ilikuwepo kweli. Lakini yeye hakusikia kanuni. Alimwona shemeji yake anatokea upande wa pili, shati limenyooka, anavishwa maua shingoni, anapanda kichwa cha treni na kukaa kwenye kiti ambacho yeye mwenyewe amekiacha bado kina joto. Mpiga picha akainua kamera. Akashusha. Akamwambia marehemu, "Kaka, sogea kidogo, unaniharibia picha."

Akasogea.

Treni ikaondoka, imejaa watu, na ikavuka salama. Mama yule wa juu ya mlango alikuwa amekwisha kuvushwa kwa mtumbwi, lakini wagonjwa wengine wengi walifika hospitali siku hiyo. Ng'ambo watu walilia kwa furaha. Marehemu alikuwa nyumbani, amejifunika shuka gubigubi, hajalala. Mke wake akamuuliza vipi. Akasema, "Kaka yako amekwenda kuomba apewe nafasi yangu." Basi. Maneno yakaishia hapo, na undugu pia.

Akaomba ahamishiwe treni za mizigo. Akasema mizigo haipigwi picha. Reli ile ya vitongoji hakuipanda tena kwa miaka mingi. Daraja lilipojengwa upya, na familia ikahamia ng'ambo, alipanda basi, hata kama anazunguka mji mzima, hata kama anachelewa.

Na ile picha? Ilikwenda kuning'inia sebuleni kwa mama mkwe, ndani ya fremu yenye kioo. Shemeji na maua yake. Marehemu hakuacha kwenda kwa mama mkwe. Alimtengenezea paa, alimchotea maji alipougua, ukweni hawakuwa na la kumlaumu. Lakini alichagua kukaa kwenye kiti kilichokuwa chini ya picha, ili asiione. Matokeo yake, kila mgeni aliyeitazama picha alikuwa kama anamtazama yeye kichwani, naye akijipapasa akidhani ana kitu kwenye nywele. Mke wake alinisimulia hilo akacheka, akafuta machozi kwa upande wa kanga, akacheka tena.

Ukingoni mwa picha ile kuna bega. Bega tu, limefunikwa gunia. Mtoto wao aliwahi kuuliza, "Baba, huyu nani?" Baba yake akamjibu bila kugeuka, "Mtu alikuwa anapita."

Shemeji alikuwa akija kumtembelea dada yake. Akipiga hodi, marehemu anaingia chumbani kulala. Saa nne asubuhi, analala. Shemeji anakunywa chai jikoni, anaacha matunda mezani, anaondoka. Akishaondoka, mlango wa chumbani unafunguka, na marehemu anauliza kama huyo mtu alikuwa na shati jipya. Miaka inakwenda hivyo, wasikilizaji wapendwa. Inakwenda kweli.

Kisha akaugua. Figo zikachoka, miguu ikavimba. Siku moja mke wake alikwenda duka la dawa, na shemeji akaja kwa hodi yake ya siku zote. Marehemu alikuwa sebuleni kwenye kochi. Hakuweza kuinuka haraka akakimbilia chumbani. Ikabidi waonane.

Mama alirudi akasikia sauti zao. Akavua viatu nje, akasimama nyuma ya mlango na dawa mkononi. Alichokisikia ndicho alichonisimulia.

Marehemu alikuwa akisema, "Umekuja kuangalia kama nimekwisha?"

"Nimekuja kunywa chai, shemeji."

"Dada yako hayupo. Jipikie."

Akaenda jikoni akapika. Kijiko kikagonga kikombe cha bati, kile kile. Akaja akampa mgonjwa kwanza, akakaa. Wakanywa. Kisha marehemu akalitoa, lile lililokaa miaka yote ile. Akamwambia, siku ile ulikwenda kwa msimamizi kuomba nafasi yangu.

Shemeji akasema hapana. Aliitwa. Tena alimwambia msimamizi amwache mwenzake aendeshe, akajibiwa kanuni. Marehemu akanywa funda moja la chai. Ndipo shemeji alipoendelea.

"Sasa na mimi nikuambie langu. Nilipofika kwenye tuta nilitaka kushika breki. Watu wote nyuma yangu wanaimba. Nikajiambia, huyu alipita hapa wakati hakuna ajuaye kama panabeba. Mimi napita kwa sababu yeye kapita. Tangu siku hiyo nakuonea wivu, shemeji. Wewe ulikwenda mahali pakiwa pabaya. Mimi waliniita pakiwa na mpiga picha."

Mama anasema alisikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Unionee wivu mimi?"

"Kila siku nilipopita pale. Mpaka nastaafu."

Marehemu akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, hadi shemeji akamshika mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo la wivu. Rudia kwa sauti, dada yako asikie. Yuko hapo mlangoni."

Hivyo ndivyo mama huyu alivyowaona chumba kimoja wanakunywa chai. Aliingia akaweka dawa mezani na kuwakemea wote wawili kwamba wamemaliza sukari. Kisha akaenda jikoni kulia.

Baada ya hapo shemeji ndiye aliyempeleka hospitali kila wiki. Na alimpeleka kwa treni, reli ile ile. Safari ya kwanza marehemu alikaa dirishani. Walipofika kwenye tuta akafumba macho, akawa anasikiliza magurudumu chini. Akasema neno moja: "Panabeba." Kisha akalaza kichwa begani kwa shemeji yake, akalala usingizi mpaka mjini. Abiria aliyesimama karibu yao alishusha sauti ya simu yake. Mjane hakusahau kuniambia hilo, na mimi sisahau kuwaambia.

Tunampa pole mjane, mama mwenye haja moja ambayo aliipata. Tunawapa pole watoto. Tunampa pole shemeji, aliyebeba jeneza upande wa mbele, na ambaye ameiondoa picha ile kwenye fremu ya zamani na kuitia kwenye fremu pana zaidi, bega lote lionekane. Mola awape subira.

Na ninyi wanangu mnaopanda treni hiyo kesho asubuhi: ikipunguza mwendo pale kwenye tuta, msilaumu kuchelewa. Kumbukeni kulikuwa na mchanga kwenye viti hivyo. Na kama kuna ndugu ambaye akipiga hodi unajifunika shuka, mfikirie leo. Huenda naye ana lake la kukuambia, anangoja tu umkute sebuleni.

Nimebakiza kimoja. Katika siku za mwisho za marehemu, siku moja shemeji alichelewa. Yule fundi viatu wa mtaani naye alikuwa mgonjwa, na shemeji alipita kwake kwanza kumjulia hali. Mgonjwa wetu akalisikia hilo kwa wapita njia dirishani. Shemeji alipoingia, alikuta mtu amegeukia ukuta. Akamsalimia, hakuitikiwa. Akakoroga chai, akaiweka karibu naye, akazungumza peke yake habari za mvua na za mpira, na hatimaye akainuka kuaga. Alipofika mlangoni akaitwa.

"Shemeji."

"Naam."

"Kesho uje tena. Na uanzie hapa."