Hema Katikati ya Uwanja wa Tenisi

Sisi wanne ndio kamati ya tenisi ya vijana wa mtaa wetu hapa mjini Kisii, na ofisi yetu ni benchi la mama wa kahawa, mkabala na uwanja wenyewe. Usiniulize nani alituchagua. Juzi juzi tulifanya harambee ya kununua mipira na kuwatafutia watoto nauli ya kwenda mashindano ya Kisumu, ambayo ni kesho. Pesa ikanunua mbuzi, ikakodi spika, ikamvisha mgeni wa heshima shuka, na bado hema la wageni halijalipiwa. Kwa hiyo mwenye hema, Okemwa, ambaye sisi twamwita Mahema, ameliacha pale pale katikati ya uwanja. Watoto hawajapiga mpira tangu siku hiyo.

— Mahema, toa hiyo kitu, nikamwambia. Watoto wafanye mazoezi hata leo tu.

— Nilipwe kwanza.

— Si wewe pia ni kamati?

— Kwa kamati najitolea. Kwa hema sijitolei.

Obadiah, tunayemwita Hansadi kwa vile aliwahi kuwa karani wa bunge la kaunti, akiandika kila lililosemwa, akaweka kikombe chini.

— Napendekeza harambee ya pili, tulipe hema ya harambee ya kwanza.

— Na wageni watakaa wapi? nikauliza.

— Si hema iko.

— Hiyo sasa ni kodi mpya, Mahema akasema.

Angwenyi akacheka. Huyo twamwita Minesota. Binti yake ni nesi huko Minesota, Amerika, yeye mwenyewe hajavuka Oyugis, mji wa jirani.

— Nyinyi mnafikiria kidogo. Amerika mtoto akishika raketi, chuo kinamtumia tiketi ya ndege. Yeye, wazazi wake, na kamati.

— Kamati inaenda kufanya nini huko? nikamwuliza.

— Kumpigia makofi. Unadhani wazungu watampigia?

— Basi tutoze kila mkungu wa ndizi ushuru wa tenisi, Hansadi akasema. Lakini kwanza tupange siku ya harambee. Jumamosi hapana, Wasabato tuko kanisani.

— Jumapili sisi tuko Misa, Minesota akasema.

— Katikati ya wiki, basi, watoto wakitoka shule, nikasema.

— Watoto wa nini? Mahema akaniuliza. Viti ni vya wageni.

Nilikasirika mpaka kahawa ikanimwagikia gotini. Nikiwa bado najipangusa, akavuka barabara Joyline, mwalimu anayewafundisha hao watoto tenisi bila mshahara. Hajawahi kuja kijiweni kwetu. Wasichana wake aliwaacha kwenye geti la uwanja, na sare za shule, na raketi za kuazima.

— Hamjambo, wazee wangu.

— Hatujambo, mwalimu. Kaa, kuna kahawa.

— Sitakaa. Nauli ya kesho imepatikana?

— Inashughulikiwa, Hansadi akasema.

— Na hema? Inatoka leo?

— Hiyo inangoja harambee ya pili.

Joyline hakugomba. Afadhali angegomba.

— Sawa, baba. Sasa ni nani kati yenu ataenda pale awaambie hawaendi Kisumu?

Hansadi akamtazama Minesota. Minesota akamtazama Mahema. Mimi nikainamia doa la kahawa gotini. Kule getini wasichana walikuwa wameona mwalimu wao akizungumza na kamati, na mmoja akaanza kutupungia mkono, akirukaruka kwa furaha, akidhani tumetoa nauli.