Nashon Oyoo na Sahihi Aliyoinyima Karakana

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Nashon Oyoo anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya Westlands kwa miaka thelathini na mmoja.

Alikuja mwaka 1994 kuosha magari, akitembea kwa miguu kutoka Kangemi. Miaka sita baadaye alikuwa fundi wa springi na breki. Kazi yake ilikuwa kuyatayarisha magari ya kifahari, yaliyoundwa kwa lami laini za ng'ambo, ili yastahimili matuta, vumbi na mawe ya huku kwetu. Kila gari alilomaliza alilijaribu akiwa ameketi kiti cha nyuma, kwa kuwa, alituambia, mwenye gari hukaa huko. Dereva wa majaribio alizoea kuambiwa arudie tuta moja mara tano.

Mwaka 2013 tuliahidi hoteli moja magari kumi na mawili yaliyoinuliwa ili matumbo yasigonge mawe. La kwanza lilipokuwa tayari, Oyoo aligundua kwamba usukani ukikatwa hadi mwisho, paipu ya breki inavutika na kusugua gurudumu. Vipimo vilitoka kiwandani, na meneja wetu wa wakati huo, Bwana Kiarie, aliviamini.

"Oyoo, weka sahihi tumalize. Hao ndio walitengeneza gari."

"Walitengeneza, bosi, lakini hawajawahi kuteremka nayo Mai Mahiu. Mimi siweki."

Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Aliosha mikono, akatuaga mmoja mmoja, akaondoka. Sahihi ikawekwa na fundi mwingine.

Wiki mbili baadaye Bwana Kiarie aliamua kulijaribu gari hilo mwenyewe. Kwenye mteremko, paipu ilipasuka. Aliligongesha gari kwenye ukingo wa udongo ili lisimame, akatoka amevunjika mkono. Tulimshukuru Mungu kwamba alikuwa peke yake.

Mkono ukiwa bado kwenye plasta, alikwenda Kangemi kumtafuta Oyoo. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe mbele yetu sote, ndiyo maana nina ruhusa ya kukiandika. Alisimama mlangoni akasema, "Ndugu yangu, nisamehe." Oyoo alimvutia kiti, akamwomba mkewe, Mama Lornah, alete chai. Kisha akauliza jambo moja tu: "Yale mengine kumi na moja yako wapi?"

Alirejea kazini alasiri hiyo. Alirefusha paipu zote, akachora vipimo vipya kwa penseli, navyo vikatumwa kiwandani. Tangu mwaka uliofuata, magari ya aina ile yanayoletwa nchi kama yetu huja na paipu ndefu. Jina la Oyoo halikuandikwa popote, naye hakuliulizia.

Bwana Oyoo, kuna familia ambazo zimefika nyumbani salama bila kujua zikushukuru nani. Kwa niaba yao, na kwa niaba yetu, ahsante. Wewe na Mama Lornah mrudi nyumbani Ugenya kwa amani, Mungu awajalie afya, na siku zilizo mbele yenu ziwe njema.

Everlyn Ndambuki,
Stoo ya vipuri