Taa Zinazotaka Utikisike

Msanifu majengo aliegemea dirisha la treni, masikio yamemsimama. Akina mama wawili mbele yake walikuwa wakizisema taa zake, zile zinazowaka mtu akitikisika na kuzimika akitulia. Zilimpatia tuzo, na tangu siku hiyo alitembea kama anayepigiwa tarumbeta.

"Mimi na baba watoto tukinuniana, tunakaa sebuleni kila mtu kimya," alisema mwenye miwani. "Basi taa inazimika! Mpaka mmoja wetu apunge mkono."

"Si upunge, shoga?"

"Nipunge? Juzi nilipunga, akaniambia, 'Haya, nimekusamehe.' Na mkosaji ni yeye!"

Mwenzake alicheka hadi machozi. "Hivi huyo aliyezibuni ana mke kweli?"

Msanifu alikohoa. Mke anaye, na ndiye aliyeapa kwamba taa hizo hazitaingia nyumbani kwake.

Treni iliposimama, aliinuka kwa madaha, akasimama mbele ya mlango na kuupungia mkono. Mlango ukatulia tuli. Akaupungia tena.

"Haujakununia huo, baba," alisema mwenye miwani. "Vuta kitasa."